Ibn Battuta Afika Zaitun

Ibn Battuta alizaliwa mwaka 1304 katika mji wa Tangier, nchi ya Morocco. Jamaa zake walikuwa wanasheria wa Kiislamu, naye pia alisoma sheria. Mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji Makka. Ilipita miaka 24 kabla hajarudi kwao.

Mwaka 1331 alifika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Alipita Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa. Aliusifu sana mji wa Kilwa kwa uzuri wake.

Mzigo mzito

Baadaye alikwenda Delhi, nchi ya India. Sultani wa huko, Muhammad bin Tughluq, alimfanya kadhi. Sultani huyu alikuwa mkarimu, lakini alikuwa mkali pia. Aliyepewa mali leo aliweza kuuawa kesho. Baada ya miaka kadhaa alimtuma Ibn Battuta awe mjumbe wake kwa mfalme wa China. Alimkabidhi zawadi nyingi za thamani.

Zawadi hizo zilipakiwa merikebuni katika bandari ya Calicut. Ibn Battuta alibaki pwani kwa sababu ya sala ya Ijumaa. Dhoruba ikavuma. Merikebu ikavunjika, watu wakafa na zawadi zikapotea. Chombo kingine chenye mali yake kikaondoka bila yeye. Alibaki na zulia la kusalia na fedha kidogo tu.

Afanye nini? Kurudi Delhi mikono mitupu kulikuwa hatari. Basi aliendelea na safari. Alikaa visiwa vya Maldives, akapita Sumatra, na yapata mwaka 1345 akafika China.

Bandari ya mataifa mengi

Mji wa kwanza kuuona ulikuwa Zaitun. Siku hizi unaitwa Quanzhou. Ibn Battuta alikuwa ameona bandari nyingi, lakini hii ilimshangaza. Alikadiria merikebu kubwa kuwa kama 100. Vyombo vidogo havikuhesabika. Kila nyumba ilikuwa na bustani yake. Hariri ilikuwa nyingi hata maskini waliivaa. Hapo palitengenezwa vyombo vya kaure vilivyouzwa nchi za mbali. Vigae vya kaure ya China vimeokotwa hata Kilwa.

Jambo lingine lilikuwa fedha. Watu hawakununua kwa dhahabu, bali kwa noti za karatasi. Noti ikichakaa ilibadilishwa bure. Mfanyabiashara mgeni aliweka mali yake kwa mwenye nyumba ya wageni. Kitu kikipotea, mwenye nyumba alilipa.

Waislamu kutoka Uajemi na Uarabuni walikuwa na mtaa wao, misikiti yao na kadhi wao. Msikiti mmoja uliojengwa mwaka 1009 bado una kuta zake mpaka leo.

Lakini Ibn Battuta alikuwa mjumbe asiye na zawadi. Nani angemwamini? Kwa bahati alikutana na mjumbe wa China aliyemfahamu tangu India. Mtu huyo alimjulisha kwa wakubwa wa mji, naye akapewa nyumba nzuri.

Hata hivyo moyo wake haukutulia. Desturi nyingi zilikuwa ngeni kwake, akapenda kukaa ndani. Alipomwona Mwislamu mwenzake alifurahi kama aliyeona ndugu.

Kurudi nyumbani

Mwaka 1349 alifika Morocco. Mama yake alikuwa amekwisha kufa kwa tauni. Baada ya safari nyingine, Sultani wa Morocco aliamuru habari zake ziandikwe. Ibn Battuta alisimulia, na mwandishi Ibn Juzayy akaandika. Kitabu kilimalizika mwaka 1355. Wataalamu wengine wana shaka juu ya sehemu za safari yake ya China. Lakini habari zake za noti, kaure na mtaa wa Waislamu zinalingana na mambo yaliyothibitishwa kwa njia nyingine.

Ibn Battuta alifariki yapata mwaka 1368. Mali yake ilipotea, lakini aliyoyaona yameandikwa, nasi tunayasoma.

Maswali

1. Kwa nini Ibn Battuta aliogopa kurudi Delhi?
2. Watu wa Zaitun walitumia fedha ya namna gani?
3. Mgeni akifika kijijini kwenu, nani humjulisha kwa wenyeji?