Edward Sokoine: Mwana wa wafugaji aliyeachia jina lake chuo kikuu cha kilimo

Kwa vijana wengi wanaomaliza sekondari katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, neno kilimo husikika kama adhabu zaidi ya taaluma. Jembe ni la mzazi aliyekatiwa kipande cha ardhi alipowasili kutoka Kongo au Burundi, na chuo kikuu ndiyo njia ya kulikimbia jembe hilo.

Hata hivyo Afrika Mashariki inacho chuo kikuu kilichoanzishwa kwa fikra iliyo kinyume kabisa na hiyo, nacho kinaitwa kwa jina la mtu ambaye hakuwa profesa wala mtafiti wa mazao. Mtu huyo ni hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania aliyefariki dunia tarehe 12 Aprili 1984. Habari za maisha yake, na za chuo kilichorithi jina lake, zinawagusa wakazi wa Nakivale na Mbarara kuliko wengi wanavyodhani.

Kutoka zizini hadi serikalini

Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti 1938 huko Monduli, magharibi ya mji wa Arusha, katika jamii ya Wamaasai. Kama ilivyokuwa kwa Bahima wa Ankole, mali ya mtu huko ilihesabiwa kwa ng'ombe, na mtoto alijifunza malisho, mvua na magonjwa ya mifugo kabla hajajifunza kusoma. Wazazi wengi wa wakati huo hawakuona faida ya kumtoa kijana machungani na kumpeleka darasani. Yeye alipelekwa, akaendelea hadi sekondari ya Umbwe, mkoani Kilimanjaro.

Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, alijiunga na chama cha TANU. Baada ya masomo ya utawala nchini Ujerumani Magharibi alirejea kuitumikia wilaya ya Wamaasai, na mwaka 1965 wananchi wa huko walimchagua kuwa mbunge. Alipanda ngazi kwa haraka: naibu waziri mwaka 1967, Waziri wa Ulinzi mwaka 1972, na mwezi Februari 1977 Rais Julius Nyerere akamteua kuwa Waziri Mkuu. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Vita vilivyofika Mbarara

Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka uliofuata, kati ya Oktoba na Novemba, majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kulitwaa eneo la kaskazini ya mto Kagera. Maelfu ya wananchi walizikimbia nyumba na migomba yao. Sokoine, akiwa mkuu wa shughuli za serikali, alilazimika kuielekeza nchi nzima katika vita: magari, mafuta, chakula na fedha.

Mwezi Februari 1979 majeshi ya Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, yalifika Masaka na Mbarara. Miji yote miwili iliharibiwa vibaya, na wazee wa Mbarara wanayo kumbukumbu yao ya siku hizo, ambayo si ya ukombozi peke yake. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili mwaka huo.

Tanzania ilishinda vita ikiwa imechoka. Gharama zake, bei ya mafuta iliyopanda na ukame wa miaka iliyofuata viliyaacha maduka bila sukari, sabuni wala nguo. Sokoine alijiuzulu mwezi Novemba 1980 kwa sababu za afya. Aliporejeshwa katika wadhifa huohuo mwezi Februari 1983, aliongoza msako mkali dhidi ya walanguzi na wafichaji wa bidhaa, walioitwa wahujumu uchumi. Wananchi wengi walimshangilia. Lakini wapo waliokamatwa na kuwekwa kizuizini chini ya sheria iliyowaweka kando ya utaratibu wa kawaida wa mahakama, na jambo hilo ni sehemu ya historia yake.

Jembe kama amri, jembe kama elimu

Mwaka huohuo wa 1983 ilipitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi. Ilimtaka kila mwenye uwezo awe na kazi halali, na wale walioonekana kuzurura mijini walikamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Nia ilikuwa kuongeza chakula katika nchi yenye njaa. Lakini mtu anayepakiwa kwenye lori na kupelekwa shambani kwa nguvu hujifunza jambo moja tu, kwamba shamba ni kifungo. Fikra hiyohiyo ndiyo inayomsumbua kijana wa Nakivale leo.

Katika miezi hiyohiyo, njia nyingine ilikuwa ikitayarishwa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Huko kilikuwapo chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1965 kwa kutoa stashahada. Wakati huo nchi tatu za Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kila tawi lilikuwa na fani zake. Shahada ya kilimo ilisomewa Makerere, na ile ya tiba ya mifugo ilisomewa Nairobi. Mtanzania aliyetaka kuisomea shahada ya kilimo ndani ya Afrika Mashariki alipaswa kuja Uganda.

Mwaka 1969 chuo cha Morogoro kilipandishwa hadhi kuwa kitivo cha kilimo chini ya Dar es Salaam. Chuo kikuu cha pamoja kilipogawanyika mwaka 1970, kitivo hicho kikabaki sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye yakaongezwa masomo ya misitu, na mwaka 1976 tiba ya mifugo. Kwa namna hiyo mkulima, mfugaji na mtunza misitu wakapata wataalamu wao mahali pamoja. Kilichobaki ni kukipa kitivo hicho uhuru wa kujitawala kama chuo kikuu kamili.

Ajali ya Dakawa

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine aliondoka Dodoma baada ya mkutano wa Bunge, akisafiri kwa barabara kuelekea Dar es Salaam. Alipofika Dakawa, mkoani Morogoro, gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na kijana wa Afrika Kusini. Kijana huyo alikuwa mkimbizi, mmoja wa wanachama wa ANC waliopewa hifadhi na Tanzania walipoikimbia serikali ya makaburu. Waziri Mkuu alipoteza maisha akiwa na miaka 45. Jioni hiyo Rais Nyerere mwenyewe aliwatangazia wananchi msiba huo kupitia redio. Mazishi yalifanyika Monduli Juu.

Wasikilizaji wanaoishi katika nchi ya ugenini wanaijua hofu ya saa kama hizo. Mgeni mmoja akikosea, lawama huwaangukia wageni wote. Hapa taifa zima lilikuwa linamlilia kiongozi aliyependwa, na aliyekuwa kwenye usukani wa gari la pili alikuwa mkimbizi. Maswali na minong'ono vilidumu kwa miaka mingi. Lakini serikali haikuwafukuza Waafrika Kusini. Makazi yao ya Dakawa na Mazimbu yaliendelea, na watoto wao wakaendelea kusoma.

Tarehe 1 Julai 1984, miezi isiyofika mitatu baada ya msiba, kitivo cha Morogoro kikawa chuo kikuu kamili kwa Sheria Na. 6 ya mwaka huo. Kikaitwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho wengi hukitaja kwa kifupi, SUA. Tangu hapo jina la mtoto wa zizini likaandikwa juu ya vyeti vya mabwana shamba, madaktari wa mifugo na watafiti wa mbegu. Miongoni mwa matunda ya utafiti wao ni aina ya maharage iliyotolewa kwa wakulima kwa jina la SUA 90.

Ardhi ya wakimbizi iliyogeuka kampasi

Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, palikuwa shamba la zamani la mkonge ambalo Tanzania iliwapa ANC. Wakimbizi hao hawakukaa tu kungoja siku ya kurudi kwao. Walijenga shule, iliyobeba jina la Solomon Mahlangu, kijana mwenzao aliyenyongwa na makaburu mwezi Aprili 1979. Walijenga hospitali na nyumba, wakalima na kufuga ili wajilishe.

Utawala wa ubaguzi ulipolegea na wao wakaanza kurejea makwao, mwaka 1992 waliyakabidhi makazi hayo kwa Tanzania. Leo Mazimbu ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya chuo kikuu hichohicho chenye jina la Sokoine. Waziri Mkuu aliyefariki katika ajali iliyomhusisha mkimbizi, na kijana ambaye jina lake liliheshimiwa na wakimbizi, sasa wanatajwa pamoja kila mwanafunzi wa hapo anapoandika anwani yake.

Nakivale ina zaidi ya miaka 60. Ilianza kwa kuwapokea Wanyarwanda, kisha wakaja wengine, wakiwemo Wakongo, Warundi na Wasomali. Iko katika wilaya ya Isingiro, inayosifika kwa ndizi za matoke. Mbarara, mji mkubwa ulio jirani, una kituo cha serikali cha utafiti wa kilimo, na Chuo Kikuu cha Bishop Stuart kinafundisha kilimo. Kwa hiyo elimu hiyo haiko mbali kwa maili, ingawa karo bado ni mlima kwa familia nyingi za wakimbizi, na kwa wengine kikwazo cha kwanza ni dharau waliyoizoea dhidi ya udongo.

Sheria ya Nguvu Kazi leo inakumbukwa na wachache. Chuo cha Morogoro kinaendelea kupokea wanafunzi kila mwaka, nao huenda shambani kwa hiari yao, wakiwa na daftari mkononi.