Old Joe wa Mnara Alivyofika Kwetu Eldoret

Wageni wa mwaka huu nadhani mmeshaonywa: ukipita chini ya mnara wa saa wa chuo wakati kengele inalia, utafeli digrii. Mimi huzunguka. Siyo kwamba naamini, ila ada niliyolipa si ya kufanyia majaribio. Mnara wenyewe una mita 100 hivi na wanafunzi wanauita Old Joe. Huyo Joe ni Joseph Chamberlain, na nilipoanza kumsoma nikamkuta mpaka kwetu Eldoret.

Alizaliwa London mwaka 1836, mtoto wa mfanyabiashara wa viatu. Chuo kikuu hakusoma. Alipofika miaka 18 akaletwa Birmingham, kwenye kiwanda cha skrubu ambacho baba yake alikuwa ametia mtaji. Alitajirika, lakini jioni alikuwa akiwafundisha wafanyakazi. Mwaka 1869 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kudai kila mtoto asome, bure na kwa lazima.

Mwaka 1873 akawa meya, na kwa miaka mitatu akafanya yale ambayo madiwani wetu huahidi kila kampeni. Mji ulinunua kampuni za gesi, faida ikaingia kwenye huduma. Kisha maji, maana watu walikuwa wanakunywa ya visima vichafu. Kisha vibanda vikabomolewa ili ikatwe Corporation Street (waliobomolewa hawakujengewa pengine, hilo nalo tuliseme). Katikati ya hayo yote, mwaka 1875, mke wake wa pili alifariki kwa uzazi kama wa kwanza.

Na chuo chetu? Hati ya kifalme ilitoka mwaka 1900, yeye akiwa mkuu wa kwanza. Alichangisha hodari kweli; Carnegie wa Marekani peke yake alitoa pauni 50,000.

Sasa upande wa pili. Kuanzia 1895 alikuwa waziri wa makoloni, na vita vya Makaburu vilipiganwa mikononi mwake. Desemba 1902, akielekea Afrika Kusini, alishuka Mombasa akapanda treni kwenda bara. Akatazama nyanda za juu kupitia dirishani, akapendezwa. Mwaka 1903 akamdokezea Theodor Herzl kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Urusi wangeweza kupewa ardhi huko. Yaani jamani, Afrika Mashariki haikuwa hata chini ya wizara yake! Mwaka huohuo serikali ikatoa ahadi rasmi, na sehemu iliyolengwa ni Uasin Gishu. Vitabu huuita mpango wa Uganda, ingawa eneo hilo lilikuwa limeshahamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Wanandi na Wamasai hakuna aliyewauliza.

Mkutano wa Wazayuni ukaukataa mwaka 1905. Mwaka 1908 wakaja Makaburu na magari yao ya ng'ombe, haohao aliopigana nao, wakapewa mashamba. Mji wetu ukaota kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee bado wanasema Sikisti Foo.

Chamberlain alipata kiharusi mwaka 1906, na tangu hapo hata kuzungumza kukawa taabu. Alifariki Julai 1914. Amezikwa Key Hill, kule Hockley. Nilikwenda Jumapili moja, mvua ikinyesha, nikasimama pale kidogo. Sikujua nimpe pole au nimuulize habari za shamba.