Mahalanobis: Mwasisi wa Tafiti za Kaya kwa Sampuli Nchini India

Prasanta Chandra Mahalanobis alizaliwa Calcutta, India, tarehe 29 Juni, 1893. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Safari yake ya kurejea nyumbani ilipocheleweshwa na Vita Kuu ya Kwanza, alionyeshwa jarida la takwimu liitwalo Biometrika, akanunua matoleo yake na kuyasoma njiani. Aliendelea kufundisha fizikia kwa miaka mingi, ingawa moyo wake ulikwisha kuhamia kwenye takwimu. Mwaka 1931 alianzisha Taasisi ya Takwimu ya India.

Jina lake lilianza kujulikana kutokana na zao la juti katika jimbo la Bengal. Serikali na wafanyabiashara walihitaji kujua ukubwa wa mashamba yaliyopandwa zao hilo, na wengi waliamini kwamba jibu la kweli lingepatikana tu kwa kukagua kila shamba. Kuanzia mwaka 1937 Mahalanobis alijaribu njia nyingine: maeneo machache yaliteuliwa kwa bahati nasibu kwenye ramani, kisha yakapimwa kwa uangalifu.

Hoja yake haikuwa ya gharama peke yake. Kukagua kila shamba kulihitaji maelfu ya watu walioajiriwa kwa muda mfupi, na hapakuwa na namna ya kuthibitisha kama kila mmoja alifika shambani au alijaza fomu akiwa amekaa kivulini. Kwa hiyo aligawa sampuli katika mafungu yanayojitegemea, kila fungu likiwa na timu yake ndani ya eneo lilelile. Makadirio ya timu hizo yakikaribiana, takwimu zilipata nguvu. Yakiachana mno, kasoro ilitafutwa katika kazi ya wadadisi wenyewe. Utaratibu huu uliongeza safari na gharama, lakini ulimpa mtawala jambo ambalo hesabu kamili haikuweza kumpa, yaani kipimo cha makosa yake.

Baada ya uhuru, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alitaka kujua wananchi wanaishije, na Kamati ya Pato la Taifa, chini ya uenyekiti wa Mahalanobis, ilikuta taarifa za matumizi ya kaya ni haba mno. Ndipo Utafiti wa Taifa wa Sampuli ulipoanza mwaka 1950. Awamu ya kwanza ilihusu vijijini: viliteuliwa vijiji 1,833 miongoni mwa zaidi ya vijiji laki tano, na ndani ya kila kijiji zikateuliwa kaya chache za kuhojiwa.

Hapo likazuka swali zito. Kaya zilizoulizwa kuhusu chakula cha wiki moja zilitoa kiwango kikubwa kuliko zilizoulizwa kuhusu mwezi mzima. Kwa kuwa hesabu ya umaskini hutegemea jibu hilo, Mahalanobis na mwenzake walifanya jaribio huko West Bengal la kupima chakula kwa mizani majumbani. Majibu ya mwezi yakaonekana kukaribia mizani zaidi, na kipindi cha siku 30 kikashika. Wachumi bado wanaubishania uamuzi huo.

Mahalanobis pia aliongoza kamati ndogo ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia sampuli za takwimu. Alifariki dunia tarehe 28 Juni, 1972, siku moja kabla ya kutimiza miaka 79. Tangu mwaka 2007, India huadhimisha Siku ya Takwimu kila tarehe 29 Juni.