Diego de Landa na Vitabu vya Magome

Diego de Landa alizaliwa mnamo mwaka wa 1524 huko Cifuentes, Uhispania. Alijiunga na watawa Wafransisko angali kijana, na mwaka wa 1549 akawasili Yucatán, katika Meksiko ya leo. Huko alijifunza lugha ya Wamaya hadi akaimudu barabara.

Wamaya walikuwa na vitabu. Neno lao huun lilimaanisha karatasi na kitabu pia. Karatasi hiyo ilitokana na gome la ndani la miti ya jamii ya mkuyu, ndugu wa mutuba ambao Waganda huponda gome lake kutengenezea nguo hadi leo. Gome lilipondwa likawa ukanda mrefu, likapakwa chokaa nyeupe, likakunjwa kurasa kwa kurasa, kisha waandishi wakachora humo miungu, tarakimu na maandishi, aghalabu kwa rangi nyeusi na nyekundu. Kalenda, unajimu na ibada vilihifadhiwa humo.

Ibada hizo ndizo zilizomghadhabisha Landa. Mwaka wa 1562, sanamu zilipogunduliwa pangoni karibu na Maní, aliongoza uchunguzi ambamo Wamaya wengi waliteswa, na baadhi yao wakafa. Tarehe 12 Julai aliteketeza sanamu pamoja na vitabu. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kuwa wenyewe walihuzunika mno.

Askofu Francisco de Toral, aliyefika mwezi uliofuata, hakuridhia vitendo hivyo, na Landa akalazimika kurudi Uhispania kujibu mashtaka. Akiwa huko, yapata mwaka wa 1566, aliandika maelezo marefu kuhusu Wamaya: vyakula vyao, ndoa, kalenda, hata namna karatasi yao ilivyotengenezwa. Hatimaye aliondolewa lawama, akarejea Yucatán mwaka wa 1573 akiwa askofu, akafia Mérida mwaka wa 1579.

Nakala ya maelezo hayo ilivumbuliwa mjini Madrid mnamo 1862. Ndani yake mna jambo linalomhusu mwanaisimu moja kwa moja. Landa aliwataka Wamaya wamwandikie alfabeti. Alipotaja herufi B kwa jina lake la Kihispania, be, wao waliandika alama ya silabi hiyo. Hakung'amua kwamba alikuwa akipewa silabi wala si herufi. Yuri Knorozov, mtaalamu wa Kisovieti, ndiye aliyelibaini hilo mwaka wa 1952, na usomaji wa maandishi ya Wamaya ukafunguka.

Wapo wanaomsamehe Landa kwa sababu ya ufunguo huo. Binafsi siridhiki, ufunguo hauna thamani kubwa pale milango mingi imekwisha kuchomwa. Vitabu vinavyojulikana kusalia ni vinne tu, navyo vimehifadhiwa Dresden, Madrid, Paris na jijini Mexico.

Utengenezaji wa karatasi yenyewe haukufa. Waotomi wa San Pablito, jimboni Puebla, bado huchemsha magome na kuyaponda kwa jiwe juu ya ubao, na tangu miaka ya 1960 wachoraji Wanahua wa Guerrero hununua karatasi hizo na kuchora juu yake ndege, maua, harusi na mavuno.