Josephine: Mdai Talaka na Mtalikiwa

Aghalabu talaka huwa na mdai na mdaiwa: mmoja amejiandaa kuondoka, mwingine hushtukizwa. Josephine, mke wa kwanza wa Napoleon Bonaparte, alizionja nafasi zote mbili.

Alizaliwa mwaka wa 1763 kisiwani Martinique, katika familia iliyomiliki shamba la miwa lililolimwa na watumwa. Mnamo 1779, akiwa na umri wa miaka 16, aliozwa Alexandre de Beauharnais huko Ufaransa. Walijaliwa watoto wawili, Eugène na Hortense. Baadaye mume alimtuhumu uzinzi na kumtaka ahame nyumbani. Josephine hakukubali kubebeshwa lawama. Akiwa katika nyumba ya watawa ya Panthemont, jijini Paris, alimshtaki. Mwaka wa 1785 mume alizifuta tuhuma zake na kukubali kumpa masurufu. Sheria ya wakati huo haikuruhusu talaka kamili, bali utengano tu. Hata hivyo, binti aliyeingia Panthemont akiwa mgeni wa mambo ya jiji alitoka humo akijua adabu za mabibi wa tabaka la juu na thamani ya kujitetea.

Alexandre aliuawa mwaka wa 1794, wakati wa Mapinduzi. Josephine aliolewa na Napoleon mwaka wa 1796, na mwaka wa 1804 akatawazwa pamoja naye. Lakini hakumzalia mtoto, na Desemba 1809 Kaizari alimtaliki ili apate mrithi. Safari hii uamuzi haukuwa wake. Kilio kilimzidi hata akashindwa kumaliza kusoma tamko lake la kuridhia.

Hata hivyo, talaka hiyo haikumvunjia heshima. Aliachiwa cheo chake, kasri la Malmaison na faranga milioni 3 kwa mwaka. Napoleon aliendelea kumwandikia, naye Eugène akabaki naibu wa Kaizari nchini Italia. Hivyo watoto hawakulazimika kuchagua upande. Josephine alijituliza kwa bustani yake maarufu ya mawaridi. Israfu, lakini, hakuiacha: alipofariki tarehe 29 Mei 1814, aliacha madeni.

Mwana wa Napoleon kwa mke wa pili alifariki mwaka wa 1832 bila kuitawala Ufaransa. Aliyekuja kuwa Kaizari mwaka wa 1852 ni mwana wa Hortense, mjukuu wa mtalikiwa.

Basi anayeachwa hahukumiwi kuangamia. Mara ya kwanza Josephine aliinuliwa na sauti yake mwenyewe. Mara ya pili, alipokosa sauti, alistiriwa na heshima aliyoachiwa. Anayedai talaka ndiye mwenye nafasi ya kuitoa heshima hiyo, au kuinyima.