Jaafar bin Abi Talib, Mhajiri wa Hijra Mbili

Mtu anapoipokea imani mpya, mara nyingi swali linalomsumbua usiku si la itikadi, bali ni la mahali. Jamaa wamemgeuka, majirani wanamtazama kwa jicho baya, naye hujiuliza kama ahame sasa au angoje. Na kama atahama, atarudi lini. Kwa ajili ya mtu huyo nataka tuyatazame maisha ya Hadhrat Jaafar bin Abi Talib r.a., ambaye alihama akiwa kijana wa miaka kama 25, kisha akahama tena akiwa mtu mzima mwenye watoto.

Jaafar alikuwa ndugu yake Hadhrat Ali r.a., akimzidi kwa miaka ipatayo 10, na baba yao Abu Talib alikuwa ami yake Mtume Mtukufu s.a.w. Yeye na mkewe, Asma binti Umais r.a., walisilimu mapema. Mateso ya Makureshi yalipozidi, Mtume s.a.w. aliwaruhusu wafuasi wake waende Habasha, akawaeleza ya kwamba huko yuko mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Hiyo ilikuwa mwaka 615. Wa kwanza walikuwa wanaume 11 na wanawake 4, wakapanda merikebu katika pwani ya Shuaiba.

Haukupita muda mrefu uvumi ukawafikia kwamba watu wa Makka wamesilimu. Baadhi yao wakarudi kwa haraka, na walipoukaribia mji wakatambua kuwa habari ile ilikuwa uongo mtupu. Baada ya hayo watu wengi zaidi wakavuka bahari, hata wanaume wakapita 80, na miongoni mwa wahajiri hao alikuwamo Jaafar na mkewe.

Hapa yafaa tutue kidogo. Jaafar hakuwa mtumwa kama Bilal r.a., wala hakuwa mtu asiye na kabila. Baba yake alikuwa mkuu wa Banu Hashim, na ulinzi wake ulikuwa bado imara. Laiti angetaka kubaki, pengine angeweza kubaki. Mimi naona alihama zaidi kwa ajili ya wenzake kuliko kwa ajili ya nafsi yake, maana kundi la wanyonge likiwa ugenini huhitaji mtu wa kulisemea.

Na haja hiyo ilidhihirika. Makureshi walimtuma Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia wakiwa na zawadi za ngozi nzuri kwa Najashi na kwa wakuu wake, ili wahajiri warudishwe. Mfalme akakataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Ndipo Jaafar akasimama, akaeleza jinsi walivyokuwa wakiabudu masanamu, wakila mizoga na kuwaonea wanyonge, mpaka Mungu alipowapelekea Mtume kutoka miongoni mwao, aliyewafundisha ukweli, amana na kuunga udugu. Kisha akasoma mwanzo wa Sura Mariamu, na mfalme akalia pamoja na maaskofu wake. Kesho yake Amr akaja na hila nyingine, akadai ya kuwa Waislamu hawa wanamdharau Nabii Isa a.s. Lilikuwa jambo la hatari kubwa katika nchi ya Kikristo. Jaafar hakupunguza neno wala hakupamba. Akajibu kwamba Isa ni mtumishi wa Mungu na Mtume Wake. Najashi akaokota kijiti, akasema kuwa Isa hakuzidi maelezo hayo hata kwa kadiri ya kijiti kile. Zawadi zikarudishwa.

Baada ya hapo historia inanyamaza kwa miaka mingi, na kwangu mimi huo ndio mtihani mkubwa zaidi. Mwaka 622 Mtume s.a.w. akahamia Madina. Vita vya Badr vikapiganwa mwaka 624, Uhud mwaka 625, Handaki mwaka 627, na Jaafar hakuwapo. Wako wahajiri waliotangulia kurudi, yeye alibaki. Abu Musa al-Ashari r.a. na watu wake zaidi ya 50 walipotoka Yemen kwenda kwa Mtume s.a.w., chombo chao kiliwapeleka Habasha. Jaafar akawaambia kwamba Mtume ndiye aliyewatuma huko na kuwaamuru wakae, basi nao wakae pamoja naye. Wakakaa. Sisi tunaofundisha mbali na nchi zetu hulisoma jibu hilo polepole.

Idhini ya kurudi ilipofika mwaka 628, Najashi aliwapa merikebu mbili. Jaafar na Asma walikuwa wamezaa Habasha Abdullah, Muhammad na Aun; kwa watoto hao Madina ndiyo iliyokuwa ugeni. Walimkuta Mtume s.a.w. Khaibar, ngome zikiwa zimeshindwa, naye akasema hajui afurahie lipi zaidi, ushindi ule au kuja kwa Jaafar.

Siku moja Hadhrat Umar r.a. alimwambia Asma kwamba wao wa Madina waliwatangulia katika Hijra, hivyo wana haki zaidi kwa Mtume. Bibi yule alikasirika, akaapa asile wala asinywe mpaka amfikishie Mtume s.a.w. maneno hayo, kwa kuwa wenzao walikuwa naye akiwalisha wenye njaa wao, ilhali wao walikuwa katika nchi ya mbali, katika hofu. Mtume akahukumu kwamba Umar na wenzake wana Hijra moja, na watu wa merikebu wanazo mbili. Wahajiri wa Habasha wakawa wanamjia Asma makundi makundi ili wamsikie akisimulia hukumu hiyo.

Haukupita mwaka mmoja na nusu, Jaafar akatumwa Muta, katika nchi ya Jordan ya leo, katika jeshi la watu 3,000. Zaid bin Haritha r.a. alipouawa, Jaafar akaishika bendera. Mkono wa kuume ukakatwa, akaishika kwa wa kushoto. Nao ukakatwa, akaikumbatia kifuani. Mwili wake ulikutwa na majeraha zaidi ya 50, hata moja halikuwa mgongoni. Ilikuwa mwaka 629.

Nyumbani Madina, Asma alikuwa amekanda unga na kuwaogesha watoto. Mtume s.a.w. akaingia, akaomba aletewe watoto wa Jaafar, akawakumbatia, machozi yakamtoka. Kisha akaenda kwa watu wa nyumbani kwake, akawaagiza wapike chakula kwa ajili ya jamaa ya Jaafar, kwa kuwa siku ile walikuwa na jambo la kuwashughulisha.