MAKOFI HAYALIPI DENI

Watu wengi huwahusudu waimbaji wa majumba ya starehe. Huona taa na mavazi, husikia makofi, lakini hawajui yanayofuata taa zinapozimwa. Kwa ajili hiyo twapenda kusimulia maisha ya Josephine Baker, mwanamke mweusi aliyepanda juu sana, akaanguka chini sana, na kuinuka tena.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1906 katika mji wa St. Louis, Marekani, katika jamaa maskini. Akiwa bado mtoto alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Mwaka 1917, ng'ambo ya mto, katika mji wa East St. Louis, watu weusi waliuawa na nyumba zao zikachomwa moto. Hofu ya siku zile hakuisahau. Alijiunga na wacheza ngoma wa majukwaani, akafika New York, na mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 19, akavuka bahari kwenda Paris.

Huko alipata sifa upesi. Mwaka uliofuata alicheza katika jumba la Folies Bergère akiwa amevaa ndizi za bandia kiunoni. Hapa hatuna budi kusema kweli: wengi waliompigia makofi walidhani wanamtazama mtu wa mwituni, hali yeye alikuwa mzaliwa wa mji mkubwa wa Marekani. Lakini alikuwa mwerevu kuliko walivyomdhania. Kabla mwaka 1926 haujaisha alikwisha fungua kilabu chake mwenyewe, Chez Joséphine, akawa mwajiri badala ya mwajiriwa. Akajifunza kuimba barabara, na mwaka 1930 wimbo wake J'ai deux amours ukamthibitisha kuwa mwimbaji kamili.

Mwaka 1936 alipanda jukwaani New York kwa matumaini, lakini alipokewa kwa ubaridi na kukashifiwa magazetini. Akarejea Ufaransa, na mwaka 1937 akawa raia wa nchi hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipozuka aliitumikia kwa upelelezi; habari za siri ziliandikwa kwa wino usioonekana juu ya karatasi zake za muziki, kwani nani angempekua mwimbaji mashuhuri? Aliugua sana huko Casablanca, akapona, akawaimbia askari katika Afrika ya Kaskazini. Ufaransa ikamtunukia nishani.

Mwaka 1951 alizuru tena Marekani, akakataa kuimba mahali popote ambapo watu weusi walizuiliwa kuingia au walitengwa. Msomaji na apime uzito wa jambo hilo. Mwimbaji anayejitegemea hana mshahara wa mwezi. Kukataa jukwaa ni kukataa chakula. Hata hivyo kilabu kimoja cha Miami Beach kilikubali sharti lake, weusi na weupe wakaketi pamoja. Mwaka huo huo, alipolalamika kwamba kilabu kimoja cha New York kilimdharau, alishambuliwa magazetini na kazi zikampotea. Hakurudi nyuma. Tarehe 28 Agosti 1963 alihutubia katika maandamano makubwa ya Washington, akiwa amevaa sare yake ya vita.

Tabu nyingine alijiletea mwenyewe. Katika jumba lake la Les Milandes alilea watoto 12 wa mataifa mbalimbali, ili aonyeshe kuwa rangi haizuii undugu. Nia ilikuwa njema, lakini alitumia bila kuhesabu, na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1968 jumba liliuzwa kwa madeni. Mwaka 1969 akatolewa nje. Grace, mke wa mtawala wa Monaco, akamsaidia kupata makao.

Tarehe 8 Aprili 1975, akiwa na umri wa miaka 68, alianza onyesho jipya katika jumba la Bobino, Paris, la kuadhimisha miaka 50 ya kazi yake. Alishangiliwa sana. Siku nne baadaye akafariki dunia. Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ilimpa heshima ya Panthéon, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Heshima hiyo ni haki yake. Lakini twaona kuwa mwimbaji huhitaji kuheshimiwa angali hai: alipwe ujira wake kwa haki, naye ajue kuuhesabu. Makofi hufurahisha moyo, bali deni halilipwi kwa makofi.